Kura Yangu na Anti wa Al-Naseem

Mwenyekiti wetu wa zamani alikuwa amelifunga kundi la simu, haongei mtu ila yeye. Sisi Wakenya tunaofanya kazi za nyumbani Riyadh na Jeddah tulikuwa wa kusoma tu: nani kasaidiwa, nani katolewa kwa kuuliza maswali. Alipomaliza mkataba akarudi nyumbani, kundi likafunguliwa. Siku hiyo tulisalimiana mpaka simu zikaisha chaji.

Halafu ikaja kazi ya kumchagua mwenyekiti mpya, tukagawanyika, kama nchi yetu tu. Riyadh walitaka mtu wa Riyadh, tena wa kwetu magharibi. Jeddah walimtaka dada mmoja wa Pwani anayefanya kazi Al-Hamra. Mimi niko Al-Naseem, Riyadh kabisa, lakini moyo wangu ulikuwa Jeddah. Msichana akipiga simu analia, yule dada hupokea. Mgombea wetu alianza kupokea juzi, alipotaka kura.

Shida ni kwamba nilikuwa nalala chumba kimoja na kampeni. Anti, mpishi wa nyumba yetu, ndiye aliyenifundisha kazi na kunibembeleza nilipofika nikilia kila jioni. Na ndiye aliyekuwa akimtafutia mgombea wa Riyadh kura.

"Wewe hata sikuulizi," aliniambia. "Wewe ni wetu."

Ikapendekezwa kila mtu aandike jina hapo hapo kundini, wote waone. Nikamkumbuka mama. Enzi ya chama kimoja walipiga kura ya mlolongo: unasimama uwanjani nyuma ya mtu wako, chifu anakutazama. Mama alisimama kwenye mstari mrefu, mstari mfupi ukatangazwa mshindi. Lakini kilichomuuma zaidi ni rafiki yake wa kwenda naye mtoni. Alimwona mama amesimama wapi, hakumsalimia tena.

Sikutaka kumpoteza Anti hivyo. Basi nikiwa napiga pasi kanzu za bosi, nikarekodi sauti, nikaituma kundini. Nikasema huu ni mlolongo, na wengine tunalala chumba kimoja na upande wa pili. Tumtafute mtu wa nje, kila mmoja amtumie jina faraghani, ahesabu, afute.

"Wa nje nani sasa?"

"Kuna yule Mzanzibari, karani wa bandari ya Jeddah."

"Mtanzania atuhesabie kura sisi Wakenya?"

"Afadhali yeye. Ugomvi wetu haujui."

"Na seva atafungua nani?" mwingine akauliza, kama wanasiasa wetu kila wakishindwa uchaguzi. Kundi zima likacheka, na katika kucheka huko likakubali.

Tulipiga kura Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mabosi wamelala. Mimi nilijifungia bafuni, mikono na sabuni yake. Kabla ya alasiri Mzanzibari akatangaza, kwa upole wa kwao: dada wa Al-Hamra ameshinda. Watu wa Jeddah ni wachache, kwa hiyo ilijulikana wapo wa Riyadh waliompa kura. Ni nani hasa, haikujulikana. Mgombea wetu akatuma sauti: "Nimekubali. Halas, yameisha, tufanye kazi." Vikamiminika vigelegele vya kunong'ona, kila mtu akiogopa kumwamsha madam.

Anti alikuwa anakunja mashuka.

"Ulimpa nani?"

"Anti, kura ni siri."

Akanitupia ncha ya shuka.

"Shika huko."

Tukavuta, tukakunja, na kabla ya shuka la pili alikuwa ameshaanza kunieleza jinsi mgombea wake alivyojiharibia mwenyewe.