Redio Isiyoshika Stesheni

Fundi huyu wa redio mtaani walimwita Bi Midomo, na wala si kwa sababu ya kusema sana. Alikuwa na namna yake ya kubetua midomo mtu anapoongea upuuzi, na kwa maoni yake watu wengi hawakuwa na kingine cha kuongea. Aliwabetulia wateja, mawifi, hata daktari aliyekuwa akimchoma sindano. Mumewe alibetuliwa miaka sita, akachoka, akaenda zake. Aliyenusurika ni mmoja tu, mdogo wake wa kike, fundi cherehani, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki.

Mdogo mtu alishonea barazani kwa muuza viatu. Mvua ikinyesha, vitambaa vya watu vinalowa, na mwenye duka alishamwambia atafute pa kwenda kabla mwezi haujaisha. Soko jipya likatangazwa, vibanda arobaini, bahati nasibu. Akaomba, akapewa namba 507. Waombaji walikuwa mia tisa.

Sasa tuje kwa Mkuu wa soko, mtu wa tai ndefu na akili fupi. Mwaka uliotangulia alichezesha bahati nasibu kwa vikaratasi ndani ya ndoo, na kwa maajabu ya ndoo ile wakashinda shemeji yake, jirani yake na kinyozi wake. Nusura watu wamnyonge kwa tai yake mwenyewe. Safari hii akataka kompyuta ichague. Mtaalamu wa kompyuta, bwana mmoja mstaarabu, akamweleza kwamba kompyuta ikiachwa peke yake haijui kubahatisha. Inafuata kanuni, na anayeijua kanuni anaweza kulijua jibu mapema. Lazima ilishwe kitu cha nje kisichotabirika. Ndipo Bi Midomo akaitwa.

Akaja na redio kuukuu, akausogeza mshale mpaka mahali pasipo na stesheni yoyote. Redio ikaanza kukwaruza, shshshsh. Akaunga waya kutoka kwenye spika hadi kwenye kompyuta. Mkwaruzo ule unatokana na radi za mbali, na mitambo ya watu, na mengine huko juu angani, na hakuna mwana wa Adamu anayejua utakuwaje sekunde ijayo. Kompyuta inaupima, inaugeuza kuwa namba. Basi.

"Mbona haishiki stesheni?" Mkuu akauliza.

Bi Midomo akabetua. "Huo mshale usiuguse."

Mtaalamu akamnong'oneza kwamba ingefaa amweleze mzee wa watu vizuri. "Nimpigie mbuzi gitaa?" akajibu, tena bila kunong'ona. Akaletewa chai, akaikataa. Kukaa robo saa na watu wale aliona ni kujishushia hadhi, akabeba mkoba wake akaondoka.

Siku ya kuchagua, ukumbi ulijaa pomoni. Bi Midomo na mdogo wake walisimama nyuma, ukutani. Mtaalamu alikuwa mbele, macho kwenye skrini, na Mkuu akazisoma namba kwa kujikweza kama vile kazizaa yeye. 318. Makofi. 44. Makofi tena, na yalipotulia Bi Midomo akatega sikio. Miaka thelathini ya kusikiliza redio za watu haidanganyi. Taa ya redio ilikuwa inawaka, lakini mkwaruzo haukuwepo. Moyoni akafurahi, maana leo yule mpumbavu ataumbuka mbele ya mji mzima. Akafungua mdomo aseme.

"507," Mkuu akasoma.

Mdogo wake akamshika mkono kwa nguvu. "Dada, ni mimi," akasema, machozi yanamtoka. Wanawake wa jirani wakamzunguka, wakamkumbatia, naye akaanza kuwaambia atahamisha cherehani Jumatatu.

Bi Midomo akafunga mdomo. Si wizi, akajiambia. Hakuna aliyezichagua namba zile kwa mkono. Nani atajua? Na hao wengine mia nane na kitu, si wangekosa tu? Mpaka namba ya ishirini alikuwa bado anajibembeleza hivyo, kisha akajisikia mwenyewe anavyojieleza, akaona hana tofauti na mwenye ndoo. Akajichukia. Akapasua katikati ya watu mpaka mbele.

"Redio hii ni bubu," akasema. "Kompyuta imelishwa kimya, haibahatishi chochote. Rudieni muone, itatoka orodha ile ile."

Mkuu akacheka. Mtaalamu hakucheka, akarudia. 318. 44. 507. Ukumbi mzima ukaguna.

"Nani kaigusa?" Bi Midomo akauliza.

"Mshale sikuugusa," Mkuu akasema. "Nilipunguza sauti tu mpaka mwisho. Wageni wasije wakadhani tuna redio mbovu."

Bi Midomo alibetua midomo mpaka waliokaa nyuma wakaona. Akaongeza sauti, shshshsh ikarudi, namba zikachaguliwa upya zote arobaini. 507 haikuwemo.

Mdogo wake alimkuta amekaa nje kwenye ngazi. Bi Midomo alikuwa amejiandaa kutukanwa, na jibu lake analo tayari, kwamba haki ni haki. Hakutukanwa.

"Dada, siku ile ulipoiunga redio na kompyuta, uliwaambia kwamba ule mkwaruzo ndio kazi yenyewe?"

"Niliwaambia wasiguse mshale."

"Sijakuuliza hilo."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Wasingeelewa."

"Mimi nimeelewa leo hii, nimesimama tu kule nyuma," mdogo wake akasema, "na darasa la tano sikulimaliza."

Akajipangusa macho kwa upindo wa kitenge, akaondoka kwenda barazani kwake bila kumsubiri.