Mwalimu Aliyetamka Mimu kwa Midomo Wazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi na midomo ili apate kumtaja. Namshukuru kwa umri huu, na kwa akili ambayo bado haijaniacha. Haya ninayoyaandika niliyaona mwenyewe, mchana, miwani yangu ikiwa usoni. Sikuhadithiwa na mtu.

Binti yangu Rukia ni muuguzi, anaishi Katy, nje ya Houston. Wakati huo alikuwa hapati usingizi kabisa. Akirudi kazini hulala macho wazi mpaka alfajiri, kisha anashika usukani tena mwendo mrefu. Alishanusurika kugonga lori. Nikaja kukaa naye, nikiogopa kuletewa maiti. Akaniambia amepata mwalimu wa kumfundisha kutulia kwa maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindi.

"Mama, siyo dini, ni breathing tu."

"Kuvuta pumzi nako kwahitaji mwalimu?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Mwalimu alikuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Mwanamke wa makamo, nguo safi, sauti tamu. Akaketi mkekani mbele ya Rukia, nami nikakaa kwenye sofa na tasbihi yangu. Niseme kweli, somo lilinipendeza. Nilisomesha watoto Kurani chuoni Mombasa miaka mingi, na kazi ilikuwa hiyohiyo: herufi hii yatoka kooni, hii ncha ya ulimi, hii, kama be na mimu, midomoni. Kumbe Wahindi wa kale nao walizipanga sauti zao vivyo hivyo! Rukia alipotamka "buh" badala ya "bhuh", mwalimu alimrudisha kwa Kiingereza: itoke na pumzi. Nikashindwa kunyamaza.

"Kama p'aa wa porini, yule wa pumzi, mwanangu, siyo paa la nyumba. Umesahau lugha ya bibi yako?"

"Mama yako ana sikio," mwalimu akasema.

Alisema kwa Kiswahili, tena cha Mombasa. Rukia hata hakushtuka.

Basi nikamtazama mdomo, kama nilivyozoea kuwatazama wanafunzi. Akatamka "om", akaivuta ile m, ndefu, imejaa, hata vikombe vikatetema mezani. Midomo yake ilikuwa wazi. Akatamka "bhuh", wazi. "Namah", wazi. Jaribu wewe unayesoma, sema m bila kukutanisha midomo. Unaweza?

"Mwalimu," nikasema taratibu, "hebu irudie hiyo, ukifunga midomo."

"Funga ya kwako, bibi," akanijibu, akitabasamu.

"Mama, please," Rukia akasema, akinigeukia.

Niamini. Lile neno "Mama" lilitoka zima, na midomo ya mwanangu haikugusana.

Niliinuka na magoti yangu haya mabovu, nikambana Rukia midomo kwa vidole, kama nilivyowafanya watoto wa chuo. "Sema Bismillahi. Be, midomo. Mimu, midomo." Alinitazama kama hanijui. Akajaribu kuutoa mkono wangu. Sauti ikawa inatoka kabla midomo haijakutana, nami nikamrudisha mwanzo, tena na tena, bila kumkaripia. Hatimaye midomo ikagongana, nikasikia be ya mtu. Rukia akaangua kilio. Nilipogeuka, mkeka ulikuwa mtupu, na mlango umefungwa komeo kwa ndani.

Rukia alilala palepale sakafuni mpaka kesho yake.

Jirani yake, mama wa Kihindi aliyefundishwa maneno hayo na baba yake, alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwetu pia," akasema, "bha haizaliwi ila midomo ikutane. Huyo hakutoka kwetu." Nilimsadiki. Sina neno na yeye wala na ibada za watu wake.

Siku hizi nakaa Dallas kwa mwanangu wa kiume. Rukia yu mzima, analala, alhamdulillahi. Lakini akinipigia simu ya video akiwa amechoka, "Mama" hunifikia kwanza, midomo ikafuata baadaye.

"Ni network, Mama," husema.

Huenda. "Irudie, mwanangu," humwambia, na sikati simu mpaka nimeiona midomo imegusana.

Nawe, ndugu yangu, usipokee neno la kukutuliza moyo kwa kulisikia tu. Mtazame anayekupa. Mungu akupe usingizi mwema, avilinde vinywa vya wanao, na kila wakuitapo, wawe ni wao. Amin.