Mama Pacha Arudi Mezani pa Upasuaji

Mama Pacha hakuwa na adui hospitalini, na hilo ndilo lililomponza. Tangu ajifungue wale mapacha wake, wauguzi wenzake wa upasuaji walimdekeza kama bibi harusi. "Kaa, dada, usiumize mgongo," walimwambia, wakamsukumia chumba cha jirani, kule wagonjwa wanakozindukia baada ya usingizi wa dawa. Kazi ya kule ni kumwita mgonjwa jina lake, kumpima presha na kumhakikishia kwamba meno yake ya bandia yako salama kwenye kikombe. Wenzake walisimama kwa niaba yake, naye akashukuru. Ukweli usemwe, alinogewa.

Kisha likatoka tangazo la mtihani wa ubingwa wa uuguzi wa upasuaji, mtihani alioutamani tangu yuko chuoni. Leseni hai? Anayo. Awe kazini? Yupo. Sharti la tatu ndilo lililomkaa kooni: mwombaji awe amesimama mezani pa upasuaji saa za kutosha katika miaka ya karibuni, na mkuu wake athibitishe. Wema wote ule ukamtokea puani.

Alimfuata Metroni, mkuu wa wauguzi, mama mwenye ulimi wa shubiri ambaye ndiye aliyemfundisha kazi.

"Metroni, mama yangu, si ungeniandikia tu? Kote ni upasuaji. Ukuta mmoja tu umetutenganisha."

"Hata mpishi na mlaji hutenganishwa na ukuta mmoja, mwanangu." Metroni hakuinua macho. "Siandiki kwamba ulisimama wakati ulikaa. Ukitaka saa, zipo mezani, na muda wa maombi haujaisha. Ila ukinivurugia kazi, nawarudisha wenye mikono iliyozoea."

Alilia njia nzima, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nyumbani mumewe, fundi redio, alimsikiliza huku kila bega lake limelaliwa na pacha mmoja. "Nenda kasimame," akasema. "Hawa niachie mimi. Wakinishinda, nitatafuta kitufe chao cha kupunguza sauti."

Asubuhi ya kwanza alisugua mikono hadi viwikoni, akavaa joho na glavu, akasimama kando ya daktari mpasuaji. Mgonjwa, mzee mwenye henia, alikuwa ameshalala lakini bado hajapasuliwa. Mama Pacha alipogeuka kupanga vyombo, glavu yake ikagusa ukingo wa toroli, mahali pasipofunikwa kitambaa safi. Iligusa kidogo tu, lakini kwa sheria ya upasuaji tayari imechafuka. Akaangaza macho. Daktari alikuwa akirekebisha taa. Hakuna aliyeona isipokuwa Mungu, na Mungu hana mazoea ya kumsemea mtu kwa Metroni.

Akinyamaza, saa zake zinaendelea. Akisema, amevuruga kazi, na Metroni huyo hapo amesimama mlangoni. Lakini yule mzee alikuwa ameingia akimwita "binti yangu", akimwomba asimwache. Moyo ukamuuma.

"Nimegusa," akasema.

Daktari akashusha pumzi. "Sasa hivi? Na tumeshachelewa!"

"Nimegusa toroli, daktari. Chombo sijashika. Samahani."

"Haya, kanawe."

Akatoka, akavua vyote, akaanza upya kusugua, machozi yakimchuruzika ndani ya barakoa bila mkono wa kuyafuta. Alirudi, kazi ikafanyika, na mzee akashonwa salama.

Metroni alimngoja kwenye korido, mikono kiunoni.

"Najua nimekuvurugia," Mama Pacha akawahi. "Nirudi kule kwangu?"

"Kule wapi? Kesho asubuhi uwe mezani."

Mama Pacha akasita, akauliza kwa sauti ndogo, "Na ule muda nilioupoteza nikinawa mara ya pili, nao utahesabika?"

"Huo," akasema Metroni, "ndio wa kwanza nitakaouandika."