Aliyevuta Mnyororo Newala

Ukitaka kucheka, cheka sasa, kabla sijaanza. Mimi ni fundi wa vyuma hapa Masasi, mtu mzima mwenye wajukuu. Silewi, sivuti, na mpaka siku ile nilikuwa wa kwanza kuwacheka wanaosimulia habari za mandondocha, wale wafu wanaofufuliwa na wachawi ili wafanyishwe kazi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa saba ya mchana, jua likiwa juu ya utosi. Mtu aliyeona kitu usiku anaweza kuambiwa aliona kivuli. Mimi utaniambia niliona nini?

Kwanza mjueni Hamisi. Hamisi, Baba Somoe, alikuwa mwenzangu wa kazi kwa miaka kumi na mbili. Alikuwa na nguvu za ajabu. Injini ambayo watu wawili wanahangaika nayo, yeye anaikumbatia na kuihamisha huku akipiga mluzi. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilipinda kama ndoana, na aliyekipinda ni mimi, niliteleza na nyundo. Hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa akisema, "Hiki sasa cha kubebea ndoo."

Siku moja tuliitwa Kitangari, kuna mzee mashine yake ya kusaga imekufa. Ilikuwa zamu yangu, lakini niliona uvivu wa safari, nikamwambia aende yeye. Akarudi anamsifia mzee yule kwa ukarimu: alimlisha vizuri, akamshika mikono yote miwili, akamwombea dua ndefu. Siku ya tatu kichwa kikamuuma. Siku ya nne tukamzika.

Mimi nilikuwa mmoja wa watatu tulioshuka kaburini kumpokea. Sasa niwaambie jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu: alikuwa mwepesi. Kazi yangu ni kukadiria uzito, ndugu zangu. Kabla sijafunga mkanda kwenye chuma, nakitazama na kujua kitavuta kiasi gani. Yule tuliyempokea hakufika hata nusu ya Hamisi. Nikajiambia ni majonzi. Nani anapima uzito wa maiti ya rafiki yake?

Mwaka uliofuata nikapata mashine ya kukereza vyuma kule Newala, kwenye karakana ya zamani ambayo mwenyewe alishafariki. Ni mashine ya kale, chuma kitupu, zaidi ya tani moja, na Masasi nzima sikujua mtu mwenye kama hiyo. Watoto wa marehemu walikuwa wameuza kiwanja, na mnunuzi alitaka jengo libomolewe kesho yake asubuhi. Ama niitoe siku hiyo, ama ifukiwe na matofali.

Nikapanda Newala na lori, mimi na mwenzangu mpya, Chilumba, Mmakua wa Chiwata, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Tulikuwa na winchi yetu ya mnyororo. Mnaijua: inatundikwa juu kwenye boriti, mtu anavuta mnyororo mwembamba kwa mikono, nayo inanyanyua mzigo polepole. Tukaitundika, tukaifunga mashine mikanda, tukavuta. Haikunyanyuka hata unene wa kidole. Meno ya ndani yakasagika, krr, kwisha kazi.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai hapo jirani akatuonea huruma. Akasema, "Kitangari kuna mzee anakodisha winchi. Ila inakuja na mtu wake wa kuvuta." Akatupa namba ya simu, nikapiga. Najua mnachowaza. Kitangari ni pakubwa, na wazee ni wengi. Mimi sikuwaza kitu, nilichokuwa nawaza ni mashine yangu.

Pikapu ikafika kabla chai haijapoa. Akashuka mzee mfupi, kanzu safi, ananukia udi, uso wa tabasamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi."

Nyuma ya pikapu, juu ya winchi, alikaa mtu. Alivaa kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi na kitambaa kimefungwa usoni, kama wanavyojifunga wanaopuliza salfa kwenye mikorosho. Mzee akasema, "Huyo ndiye mvutaji. Ni bubu, na akili si nzima. Msimsemeshe. Chakula chake anacho." Chakula chenyewe kilikuwa pumba kavu ndani ya kopo.

Chilumba, kwa roho yake, akampelekea chapati. Yule mtu akaipokea, akabaki ameishika tu, anaitazama, kama anakumbuka kitu. Mzee akaja, akampokonya, akamchapa fimbo ya mdomo. Alimpiga bila hasira, kama unavyompiga mbuzi akupishe njia. Kisha akatugeukia: "Mnaona? Hata kula hajui." Nasi tukacheka. Niaminini, tulicheka.

Kazi ikaanza. Yule mtu alivuta mnyororo ule kama anavuta kamba ya kisimani. Mashine ikaachana na sakafu, ikapanda mpaka usawa wa kifua, ikasimama hewani inayumbayumba. Chilumba akatoka nje kumwelekeza dereva arudishe lori kinyumenyume mpaka chini ya mzigo. Ndani tukabaki watatu: mimi, mzee, na yeye.

Hapo ndipo niliposikia mnyororo unakwaruza. Nikatazama juu. Winchi ile haikuwa na breki. Breki ilikwisha zamani, na mwenyewe hakuona sababu ya kuitengeneza. Mzigo wote ulikuwa umeshikwa na mikono ya yule mtu. Mara mnyororo ukamponyoka, mashine ikashuka shubiri nzima, naye akaudaka tena. Ulimpita viganjani mpaka mifupa ikaonekana. Nyama ilichanika kama maganda ya muhogo mkavu, na damu haikutoka. Hata tone.

Nikasogea. Kwa nini nilisogea? Nilikuwa naogopea mashine. Nikauona mkono wake wa kushoto, na kidole cha mwisho kimepinda kama ndoana.

Nikasema polepole, "Hamisi?"

Akageuka. Kitambaa kilikuwa kimeteleza. Alikuwa yeye, Wallahi, uso uleule, ila umekauka na ngozi imekuwa ya kijivu. Akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa umekatwa, kimebaki kigutu, na kigutu kile kilikuwa kinachezacheza kutafuta neno.

Sasa, sisi mafundi wa karakana zenye kelele tunasemeshana kwa vidole. Yeye na mimi tulikuwa na alama zetu. Akashikilia mnyororo kwa mkono mmoja, akanyoosha wa pili, akageuza kiganja chini, akakishusha. Maana yake: shusha, achia mzigo. Alifanya hivyo mara tatu, ananitazama mimi tu. Alikuwa ananiomba ruhusa.

Chini ya ile mashine hapakuwa na mtu. Naungama mbele yenu: hapakuwa na mtu hata mmoja. Chilumba alikuwa nje, lori lilikuwa halijafika. Angeachia, kingeanguka chuma juu ya sakafu, basi.

Nikamwambia, "Shikilia."

Akanitazama.

Nikasema tena, kwa ukali, kama tulivyozoea kuambiana kazini: "Usiachie! Vuta!"

Akavuta. Akavuta kwa mifupa ile mpaka lori likaingia, mpaka mashine ikakaa juu ya mbao taratibu kama yai. Wala hakunitazama tena.

Mzee alikuwa ameegemea ukuta anasafisha meno kwa kijiti. "Mnafahamiana," akasema. Hakuwa anauliza.



"Alinitengenezea mashine yangu ya kusaga peke yake," mzee akaendelea kwa upole. "Alinyanyua jiwe la kusagia kama sahani. Nikasema, mikono kama hii haifai kuliwa na mchwa. Wewe ukitaka, mwite jina lake na la baba yake mbele za watu. Ataanguka hapohapo, apumzike. Kisha utawaeleza polisi hiyo maiti umeitoa wapi." Akacheka kidogo. "Nimwite mwenzako aingie, ulitaje hilo jina?"

Baba yake Hamisi nilimjua. Jina lake nilikuwa nalo mdomoni. Chilumba akaingia, anapiga makofi, anamsifu bubu kwa kazi nzuri. Mzee akanitazama, akangoja. Nami nikainama, nikaanza kukunja mikanda.

Walipoondoka, Hamisi alikuwa amekaa juu ya winchi kama alivyokuja. Mikono ameilaza mapajani, viganja juu.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu, silali. Mwishowe nikaenda kwa Mama Somoe, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Hakulia. Alikuwa anapepeta mchele, akauweka ungo chini.

"Alikutambua?"

"Alinitambua, shemeji."

"Alitaka nini?"

"Aliomba aachie."

"Wewe ukamwambiaje?"

Nikautazama ungo wake. Akanitazama mpaka akapata jibu lake. Akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kaka zake Hamisi walikwenda Kitangari. Wakakuta nyumba tupu, mashine ya kusaga imeng'olewa, na majirani wakasema mzee kahama, hawajui kaelekea wapi. Waliporudi walitaka kulifukua kaburi. Mama Somoe alikataa. Alisema, "Nikikuta ni mgomba tuliouzika badala yake ndani ya sanda, mwanangu atakwenda kumwombea dua nani?" Wakarudisha majembe.

Mpaka leo Mama Somoe hajaitika salamu yangu. Tukikutana sokoni anavuka barabara. Lakini mtoto wao, Somoe, hakuambiwa. Kila akipita karakanani ananipigia magoti kidogo, "Shikamoo baba mkubwa," na mimi naitika marahaba, mwanangu, huku mashine ile inazunguka nyuma yangu. Mtaniuliza kama niliiuza. Sikuiuza. Inafanya kazi vizuri mno.

Chilumba aliacha kazi siku nilipomsimulia. Hakunitukana. Aliosha mikono, akachukua shati lake, akaniambia tu kwamba kama niliweza kumfanyia vile Hamisi, yeye Chilumba ni nani?

Kisha, msimu huu wa korosho, akaja mteja kutoka Nanganga, anachongesha shafti ya mashine. Katika mazungumzo akasema kwao wamehamisha mashine ya kukamua alizeti bila taabu yoyote. Kuna mzee alikuja na winchi yake na wavutaji wawili, mabubu wote. Nikamuuliza, wawili? Akasema ndiyo, wawili. Mmoja mikono yake imefungwa matambara. Wa pili alikuwa kijana wa mwili hasa, naye muda wote anavuta huku machozi yanamtoka. Wakamcheka sana.

Sikumaliza shafti ile siku hiyo.

Kwa hiyo nawaonya, ninyi wenye mashine, wenye vinu, wenye mizigo mizito. Winchi ikija na mtu wake, msiutazame mzigo. Mvueni yule mtu kitambaa, mtazameni mikono, muulizeni jina hata kama mmeambiwa ni bubu. Na akigeuza kiganja chini mbele yenu, msifanye hesabu niliyoifanya mimi. Mwambieni aachie. Chuma kianguke, kipasuke vipande vipande, na ninyi mrudi nyumbani mikono mitupu.