Mawaridi Yangu, Kamera Yake

Jirani yangu hapigi picha kama watu. Anaegemea uzio wangu, anabana viwiko mbavuni, anashusha pumzi, na anapobonyeza tu anaivuta kamera chini taratibu, kama anayepaka ukuta rangi. Mawaridi ni yangu. Mimi ndiye ninayechomwa na miiba. "Si yatatoka ukungu, shoga?" nilimuuliza. "Ndivyo ninavyotaka," akajibu, macho kwenye kamera. Jana alituletea picha moja, michirizi mitupu myekundu, utadhani mtoto kamwaga rangi. Mume wangu, anayepita kando ya mawaridi hayohayo kila asubuhi bila kugeuza shingo, aliishika kwa mikono miwili. "Maua mazuri haya, shemeji," akamwambia. "Umeyapiga kwa nani?"