Kinyozi Anayenyoa Puto

Kinyozi wetu tunamwita Baba Puto, na jina hilo hakupewa bure. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka hupuliza puto, hulipaka povu la sabuni, kisha hulinyoa kwa wembe taratibu mpaka povu liishe. Wenzake hufanya hivyo wakiwa wanafunzi. Yeye ana mvi na bado ananyoa puto. Likipasuka, siku hiyo hafungui. Mimi, fundi viatu wa mlango wa pili, nilimcheka sana mpaka aliponieleza sababu.

Mama yake alianza kwa kuangusha vijiko. Baadaye mikono ikawa inarukaruka yenyewe, shingo ikapinda, mwishowe akawa hamjui hata mwanawe wa kumzaa. Ugonjwa huo umo kwenye damu. Mtoto huupata au huukosa kama kurusha sarafu, na haumruki mtu: mjukuu hawezi kuupata kama mzazi wake hana. Kipimo kipo, ila Baba Puto hakutaka kukisikia.

"Nikishajua nifanye nini?" aliniambia. "Dawa hakuna. Niache na puto langu: mkono ukianza kuruka, litapasuka puto, si shingo ya mteja."

Nikamwona mwoga. Siku hizi sithubutu kusema hivyo.

Binti yake alitaka mtoto, na hakutaka kubahatisha. Yeye na mumewe walikwenda hospitali ambako mimba hutungwa kwenye chupa, viinitete, yaani mimba changa za siku chache tu, vikapimwa kimoja kimoja, vyenye ugonjwa viwekwe kando. Madaktari wakamuuliza pia binti kama angependa wa kiume. Niliposikia hilo mwili ulinisisimka. Leo wanaondoa ugonjwa, kesho wanachagua jinsia, keshokutwa sisi wenye matege tutaitwa makosa ya fundi! Lakini si mimi niliyemuuguza yule mama, basi nikafunga domo langu.

Baba Puto alimwomba binti yake jambo moja tu: "Ukipata mtoto, niletee mtoto. Majibu ya hospitali kaa nayo mwenyewe."

Siku aliyokuja binti, nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shingo imelazwa nyuma, povu mpaka masikioni, wembe uko kooni. Aliingia mbio, hata hodi hakupiga.

"Baba! Wamepata viwili vizima!"

Wembe ukasimama.

"Viwili kati ya vingapi?" aliuliza.

"Vitano. Vile vitatu vina ugonjwa wa bibi, wameviweka..."

Akajiziba mdomo. Furaha ilikuwa imemtangulia, akili ikaja nyuma. Ugonjwa haumruki mtu. Kama umefika kwenye vile vitatu, umepita kwake, na kwake umepita kwa baba yake. Nilitamani kuinuka nikimbie, ila mwenye wembe kooni haendi popote.

Baba Puto hakuitazama mikono yake. Aliitazama ya binti yake.

"Mama yangu angechagua," alisema, "mimi ningewekwa kando. Na wewe usingekuwepo."

"Kwa hiyo nisichague, Baba?"

"Chagua, mwanangu. Sijasema usichague. Naogopa tu."

"Na mimi naogopa," binti akasema, akaanza kulia kama mtoto mdogo.

Baba Puto akamalizia kuninyoa. Wembe haukutikisika hata kidogo. Nilitoka bila kuaga, nikakaa kibandani nikashona kiatu kimoja mara mbili.

Kesho yake asubuhi duka lilikuwa bado limefungwa. Nikachungulia kupitia kioo cha mlango. Mezani palikuwa na maputo mawili yaliyopakwa povu. Baba ameshika wembe wake, na binti ameshika wake, wananyoa kila mtu lake. Niliganda pale nje, kiatu cha mteja mkononi, nikitega sikio nisikie lipi litapasuka.