Zile za Baba

Kuria alipokufa, tuliendelea kumsikia. Nyumba yangu na ya mkewe Kabura, hapa Yamumbi, zinagawana ukuta wa mabati. Kila jioni Kabura akichambua sukuma za kuuza kesho yake, alikuwa akiwasha simu, anafungulia sauti ambazo mumewe alimtumia akiwa safarini, na marehemu anaongea: "Mama Shiko, tumepakia viazi Timboroa. Baridi si mchezo. Usifunge mlango." Na Kabura, nawaambia ukweli, hakuwa anafunga. Mimi nikafunga wangu kwa komeo na kufuli.

Simu hiyo ndiyo ilikuwa shule pia. Shule zilipofungwa wakati wa korona, walimu walituma masomo kwa grupu ya WhatsApp, video nzito nzito, utadhani kila nyumba ina kompyuta. Mimi nilitoa bando, Kabura akatoa simu, na Nekoye wangu akasoma pamoja na Kiarie wao. Kiarie ni kijana wa pili, kwa hivyo kwa desturi ya Wakikuyu alipewa jina la baba mzazi wa Kabura. Basi mamake alimwita Baba. Baba, kuja ule. Baba, umenawa? Nilimtania kwamba ni yeye pekee Eldoret nzima anayemchapa babake.

Siku moja somo la hesabu lilikataa kuingia na jaribio lilikuwa kesho. Simu ilikuwa imejaa. Kabura alikuwa anahudumia wateja, akamwambia Shiko, msichana wake mkubwa, bila hata kugeuka:

"Futa zile za Baba. Tumeshamaliza nazo."

Alimaanisha masomo ya zamani ya Kiarie. Lakini Shiko ana baba mmoja tu.

Somo likaingia, watoto wakasoma. Jioni Kabura alitafuta sauti za mumewe asizipate. Alipouliza, Shiko alimjibu:

"Nilidhani umechoka kulia, Mum. Nikafuta haraka ndio usiumie."

Hakumpiga. Afadhali angempiga. Tulipeleka simu kwa fundi mjini, akatikisa kichwa.

Sasa ng'ambo ya ukuta ni kimya, na kimya hicho kinanitisha kuliko ile sauti. Kabura hasemi tena Baba. Anamwita mwanawe Kiarie, kama mwalimu anavyomwita. Jana kijana alikuja kwangu, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama Nekoye," akaniuliza, "nimemkosea nini mamangu?"